Majuma Saba ya Kufunga Mdomo

6 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Mimi Hermínia Toste wa Fontinhas, mke wa Adelino na mama wa Lénia, nimeanza kuandika leo kwa sababu nimekatazwa kusema. Wanaonijua wataelewa hiyo ni adhabu ya namna gani. Nisipoliweka jambo hili mahali nitapasuka kama chupa ya bia iliyosahauliwa juani.

Jana nilikuwa namenya viazi Lénia alipopiga simu kutoka Brussels. Akaniuliza kama nimekaa. Nikamwambia mimi sijakaa tangu nilipokuzaa wewe, sema. Akasema waziri amemchagua awe balozi wetu kule NATO. Si naibu tena. Balozi mwenyewe, yule anayekaa mezani na kibao chenye jina la nchi mbele yake, wengine nyuma wanampitishia karatasi. Mwanangu huyu aliyesomea kwenye meza hii hii ya jikoni, baba yake seremala wa kambi ya Wamarekani pale Lajes, mama yake darasa la nne na basi. Alikuwa mdogo bado, ndege zile kubwa zikipita juu ya kamba yangu ya nguo anauliza, "Mama, hawa wamekuja kutulinda au sisi ndio tunawalinda?"  Jibu ameenda kulitafuta mwenyewe, na sasa analipwa mshahara kwa kulitafuta.

Lakini kuna sharti. Rais hajatia saini, na gazeti la serikali halijatangaza. Mpaka litangaze, hakuna kusema. Alinieleza kwamba kuna wawili wengine waliokuwa wanakitaka kiti hicho na wana marafiki wakubwa Lisbon. Kuna mama mmoja, miaka ya nyuma, jina lake lilivuja kabla ya wakati, basi karatasi zake zikarudi kwenye droo na hazikutoka tena.

"Hata Mama Idalina nisimwambie?"

"Hasa Mama Idalina."

Idalina ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na ndiye mama wa ubatizo wa Lénia. Ukimwambia jambo saa ya kahawa, kabla ya chakula cha mchana limeshafika California kwa mwanawe Norberto, mwenye ng'ombe wengi kuliko watu wa kisiwa hiki, kama tukimsadiki mama yake.

Sasa, mwezi wa pili Lénia aliponiambia jina lake liko mezani kwa waziri, niliweka nadhiri kwa Roho Mtakatifu: akikipata kiti, nitaichukua Jumapili ya saba baada ya Pasaka, ile kubwa kuliko zote, nilishe parokia nzima, na Lénia ndiye atakayevikwa taji kanisani. Basi leo kahawa haijapoa nimeshafika mlangoni kwa Gualter Meneses. Kura ya Jumapili ya saba ilimwangukia yeye, lakini mkewe amevunjika nyonga na mzee wa watu alikuwa hajui atawapikiaje watu wote wale. Alinishika mikono yote miwili. Hakuuliza kwa nini naichukua. Nikarudi nyumbani nikijisifu njia nzima: tazama, Hermínia, umefanya jambo kubwa na neno moja halijakutoka.

9 Aprili, Alhamisi

Mvua. Sijasema.

12 Aprili, Jumapili ya kwanza

Taji la Roho Mtakatifu, ambalo kila juma hulala nyumba nyingine, sasa liko kwa akina Borges, kona ya chini. Tulienda kusali rozari, nyumba imejaa mpaka ngazini. Waliipamba vizuri, sikatai, ila maua ya karatasi katikati ya maua ya kweli mimi sitaweka.

Mke wa Borges alinisogelea akasema amesikia nimeichukua ya saba. Nikasema ndiyo. Akanitazama usoni, akanibana mkono. "Mungu atasaidia," akasema. Nikadhani anasemea kazi ya kupika.

Adelino njiani alikuwa anapiga mluzi. Nikamwambia acha mluzi, watu watajua tuna furaha. Akaniambia hajawahi kusikia amri ya kijinga kama hiyo katika miaka yote ya ndoa, na amezisikia nyingi. Huyu ndiye aliyetoka nje siku ya Pasaka kwenda kuangalia ng'ombe, akarudi macho mekundu, akasema ni upepo. Siku hiyo hapakuwa na upepo.

16 Aprili, Alhamisi

Nimemwagiza Délcio mchinjaji fahali wawili. Akauliza, wawili? Nikasema wawili. Kwa Lénia hata watatu, ila Adelino amekataa.

20 Aprili, Jumatatu

Lénia amepiga simu, sauti imekauka kwa uchovu. Wanaandaa mkutano wa mawaziri na kuna karatasi moja haitembei. Kila mara anayeizuia ni Mmarekani mmoja, Russell Coelho, ambaye bibi yake alizaliwa Altares, hapa hapa kisiwani, upande wa pili. Mtu wa damu yetu halafu anamsumbua mwanangu kwa ajili ya alama moja ya mkato katika sentensi. Nilimuuliza jina la ukoo wa bibi yake. Lénia akasema, "Mama, usianze."

Nikamwomba anieleze hiyo kazi hasa inafanyikaje, maana watu huniuliza nami huwajibu kwamba anahakikisha Marekani na Ulaya hawaachani mikono, wananitazama wakidhani natania. Akasema si mbali na ukweli. Wanaandika karatasi moja kwa niaba ya nchi zote. Ikiwa tayari inatumwa kwa kila nchi na saa inawekwa. Mpaka saa ile ifike asiyekubali ndiye anayesema. Wote wakinyamaza, imepita.

Nikacheka sana. Hapa Fontinhas watu wakinyamaza ujue wamekasirika, au wanajua kitu.

24 Aprili, Ijumaa

Ukungu siku tatu, nguo hazikauki. Idalina ameleta mayai, mayai mengi, hajawahi kunipa mengi hivyo. Akakaa. Akaulizia Lénia, anakula? Nikasema kazi ni nyingi, amekonda kidogo. Akasema, "Kidogo," akaangalia dirishani. Baadaye akauliza kama kule Brussels kuna madaktari wazuri. Nikasema wapo wa kila aina, mji mkubwa ule. Akafuta macho, akasema ni kitunguu. Nilikuwa napika maharage.

Nimwandike ukweli wake Idalina. Huwa ananichosha. Akianza habari za Norberto, matrekta ya Norberto, nyumba ya Norberto yenye bafu nyingi kuliko watu, mimi namjibu kwa Lénia: Lénia na mtihani wa wizara aliopita wa kwanza, Lénia Washington, Lénia amekula meza moja na jenerali. Tumekuwa hivi miaka na miaka kama wacheza karata. Sasa nina karata kubwa kuliko zote na siruhusiwi kuiweka mezani.

28 Aprili, Jumanne

Nimepaka chokaa sebule. Sijasema.

3 Mei, Jumapili ya nne

Leo nilikaribia. Baada ya misa, nje ya kanisa, Idalina alikuwa anawasomea watu ujumbe wa Norberto kwamba amechaguliwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa huko kwao. Mwenyekiti. Neno la Lénia lilinifika hapa kooni, nikalihisi ladha yake. Nikageuka nikaanza kumsifia paroko viatu vyake. Paroko alishangaa, ni vya zamani.

Nilipogeuka tena watu wote walikuwa wananiangalia kwa huruma. Nikajisikia vizuri, nikajua wananihurumia kwa sababu ya majivuno ya Idalina.

7 Mei, Alhamisi

Mambo ya ajabu. Délcio mchinjaji amekataa malipo ya kuchinja, anasema itakuwa sehemu yake. Mwalimu wa zamani wa Lénia ameleta picha ya mtakatifu. Bendi imesema itapiga bure. Nikamwambia Adelino: unaona jinsi watu wanavyotupenda. Adelino akasema labda. Alikuwa anatengeneza madhabahu ya ngazi kwa ajili ya taji, anapima ubao mara tatu kama kawaida yake. Akasema kule mkahawani wenzake hawamkejeli tena, wanamwachia kiti karibu na dirisha, na yeye hapendi.

11 Mei, Jumatatu

Lénia hakupiga simu jana. Upepo umeangusha matango ya Idalina yote. Nilimsaidia kuyainua, hakusema neno moja kuhusu Norberto.

14 Mei, Alhamisi

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Simu ililia nikiwa naosha vyungu vya kupikia alkatra, nyama yetu ya chungu. Lénia, na haikuwa sauti ya uchovu. Ilikuwa ile ya utulivu anayoitumia akiwa amekasirika, nadhani ndiyo anayowasemea majenerali. Akaniuliza, "Mama, umemwambia nani kwamba ninaumwa?"

Nikasema sijamwambia mtu kwamba unaumwa. Kwani unaumwa?

Akanieleza. Jana, baada ya kikao, yule Russell Coelho alimfuata kwenye korido. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amesikia, kwamba anasikitika, na kama anahitaji kusogeza mkutano mbele kwa ajili ya matibabu, upande wao hautakuwa na neno. Lénia akadhani ni mbinu ya kumtoa kwenye karatasi. Akamuuliza amesikia wapi. Kwa shangazi yake, akasema, California. Shangazi kasikia kanisani kwao, na kanisani kwao kasema mfugaji mmoja anaitwa Norberto. Kule wameshamsalia misa mbili.

Hilo lingekuwa la kucheka. Lakini leo asubuhi simu imetoka Lisbon. Mtu mpole wa wizarani, amezunguka na kuzunguka, mwishowe akauliza kama afya yake inaruhusu kazi ya uzito ule, maana karatasi bado hazijafika kwa rais na ni bora kujua mapema.

"Unaelewa, Mama? Wale wawili wengine wanasubiri kitu kama hiki tu."

Nikaapa kwa kila ninachokijua kwamba sijafungua mdomo.  Akauliza, "Jumapili ya saba umeichukua lini?"

Siku ya pili ya Pasaka, nikasema.

"Ghafla? Bila kura?"

Ghafla.

"Na utachinja?"

Fahali wawili, nikasema, na nilipolisema ndipo nilipoelewa.  Hapa kisiwani ni nani anayeichukua Jumapili ya saba bila kura, ghafla, fahali wawili? Mwenye nadhiri. Na nadhiri ya ukubwa huo ni ya nini? Ni ya mgonjwa. Mama wa Gualter aliichukua kwa ajili ya mapafu ya mwanawe. Akina Borges kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mimi mwenyewe ningemwona mtu anafanya hivyo ningejua, na ningepeleka mayai. Nilikuwa nimeufunga mdomo wangu, lakini nimepiga mbiu mlango hadi mlango kwamba mwanangu yuko kitandani.

Nilimwambia nitakwenda kwa Idalina nimalize jambo hili sasa hivi. Akasema niende, lakini nisiseme ile nyingine. Nikatoka na aproni iliyolowa.

Idalina alikuwa amekaa jikoni, miguu yote miwili ndani ya beseni. Aliponiona akataka kuificha kwa kitambaa. Nyayo zilikuwa zimechubuka, kidole kimoja kimefungwa. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema ameanguka. Nikamwambia mtu haanguki kwa nyayo.

Alikuwa ameenda kuhiji Serreta, kwa Mama Yetu wa Miujiza. Mpwa wake alimfikisha Santa Bárbara kwa gari, kutoka pale akavua viatu. Barabara ile yote, na baridi hii, umri wake na sukari yake. Kwa ajili ya Lénia. Hakumwambia mtu yeyote. Idalina hakumwambia mtu yeyote. 

Nikamwambia, "Idalina, Lénia haumwi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sawa, shoga."

"Nakuapia. Mzima kama wewe. Mzima kuliko wewe, angalia hiyo miguu."

"Basi ya saba umeichukulia nini?"

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, mlangoni, limevaa kanzu ya sherehe. Nikaona karatasi zikirudi kwenye droo.

"Siwezi kusema," nikamwambia.

Akanivuta kiti, akanishika mkono kwa mkono wake wenye maji ya chumvi. "Najua," akasema. "Mimi nilipokuwa naficha ugonjwa wa marehemu mume wangu Tibério nilisema hivyo hivyo. Siwezi kusema. Usiseme, mwenzangu. Kaa tu."

Nikakaa. Nililia kweli, na kadiri nilivyolia ndivyo nilivyomthibitishia. Lakini nilikuwa nalilia miguu ile. Miaka yote nilidhani huyu mwanamke anatafuta habari za kupeleka. Kumbe habari anazipeleka, lakini mzigo wake anaubeba mwenyewe, pekupeku.

Jioni nimemwambia Lénia kwamba nimeshindwa. Nimemwambia na habari ya miguu ya Idalina.  Akasema atakuja Alhamisi, si Jumamosi kama tulivyopanga. Russell amekubali kusogeza kikao. Kisha akasema, "Wakiniona kwa macho yao watanyamaza."

Nikamwambia wewe huwajui, mwanangu. Akasema anawajua, ametoka kwao.

17 Mei, Jumapili ya sita

Taji limeingia nyumbani kwangu. Sitaki kuandika sana, linaniangalia. Ngazi za Adelino zimekaa sawasawa, maua ni ya kweli yote. Watu wamejaa hadi bustanini. Kwenye nia za sala mtu akasema "kwa wagonjwa wetu", na nyumba nzima ikajibu kwa sauti moja nene, mimi peke yangu kimya.

19 Mei, Jumanne

Mikate mitamu, tanuri nne. Wanawake kumi na zaidi jikoni mwangu na hakuna anayetania. Ni kama tunaoka kwa ajili ya msiba. Lisbon hawajasema kitu.

21 Mei, Alhamisi

Amefika. Amekonda. Ndivyo alivyo siku zote, lakini leo ilinitia uchungu, maana aliposhuka kwenye gari wote waliokuwa mlangoni walivuta pumzi kwa pamoja. Begi lake likachukuliwa na watu watatu. Idalina akamletea mchuzi wa kuku kwenye bakuli lililofunikwa. Lénia akanywa, akaomba nyingine, akanywa, akaomba na mkate. Idalina akamnong'oneza mke wa Borges, nikasikia: "Ni dawa hizo, huwa zinatia njaa."

Lénia alikohoa kwa kuzuia kicheko. Wakamletea shali.

22 Mei, Ijumaa

Siku ya fahali wa maua na, jioni, ya fahali wa kamba.

Asubuhi wale wetu wawili walipitishwa kijijini wamevikwa maua ya karatasi pembeni na shingoni, bendi mbele. Lénia aliwaongoza kutoka malishoni mpaka kanisani, mlima wote, anawatania wapiga tarumbeta kwamba wamezeeka. Nilidhani itatosha. Haikutosha. Walisema ana moyo wa ajabu, binti yule, anavyojikaza.

Jioni barabara yetu ilizibwa kwa mbao. Watu juu ya kuta, juu ya maroshani. Fahali wa tatu, mweusi, wa hasira, kamba imeshikwa na wanaume saba na bado inawavuta. Nilikuwa dirishani na Idalina, miguu yake juu ya mto. Nikatafuta Lénia kwenye roshani ya akina Borges. Hayupo. Nikamwona Adelino juu ya ukuta amepauka kama chokaa, nikafuata macho yake.

Mwanangu alikuwa katikati ya barabara na mwavuli mweusi wa baba yake.

Nitasema kweli, sikuona vizuri, nilikuwa nimejifunika aproni usoni na kuifunua, kuifunika na kuifunua. Fahali alikuja. Lénia akafungua mwavuli, akakaa pale pale, akapinda kiuno kidogo tu, na pembe ikapita kwenye kitambaa. Fahali akageuka. Akaja tena. Lénia akampisha tena upande wa pili, nywele zimemfunguka, anacheka. Mara ya tatu mwavuli ukaenda na pembe na yeye akaruka ukuta wa mawe wa akina Borges kwa mkono mmoja, kama alivyokuwa akifanya akiwa msichana na mimi nikimkimbiza na kijiko. Barabara nzima ikanguruma.

Idalina alikuwa ameshika mkono wangu mpaka ukafa ganzi.  Kisha akasema polepole, "Huyu haumwi."

"Nilikuambia."

"Uliniambia ukilia, mwanamke. Nani angekusadiki?" Akatazama miguu yake. "Na mimi nimekwenda Serreta."

 Nikamwambia Mama Yetu ameona. Akafikiri. Akasema haidhuru, pengine ndiyo sababu yuko mzima. Tukaanza kucheka, mpaka ikabidi tufunge dirisha.

Mpwa wake alikuwa amerekodi yote kwa video. Idalina akamwamuru aitume kwa Norberto hapo hapo. Nikamtazama. Njia iliyopita habari ya ugonjwa, nikawaza, na hii ipitie hiyo hiyo.

23 Mei, Jumamosi

Supu inachemka tangu alfajiri, nanaa na kabichi mikono yote inanukia. Wanawake wamerudi kutaniana, mke wa Borges ameniimbia kwamba nimewadanganya wote. Sijadanganya mtu.

Lénia amepokea simu bustanini. Nilikuwa nyuma ya pazia, sikatai. Russell ameiona video ile, ameionyesha ofisi nzima, na amemwambia kwamba baada ya kuona mwavuli ule ameamua kuachana na habari ya mkato. Nimeanza kumpenda kijana huyu. Bibi yake ni wa akina Coelho wa karibu na kanisa la Altares, nimeulizia, watu wazuri.

Baadaye Lisbon wakapiga. Alisimama wima kama mbele ya mwalimu, "ndiyo, bwana waziri, hapana, bwana waziri". Alipomaliza nikatoka. Nikamuuliza amesemaje.

"Ameuliza kama mwavuli ulipona."

"Basi?"

"Basi. Na kwamba karatasi ziko kwa rais."

24 Mei, Jumapili ya saba

Mvua ilinyesha mpaka saa tatu, ikakoma kama imefungwa bomba. Alitoka mlangoni na gauni jeupe na taji mikononi juu ya sahani yake ya fedha, baba yake kushoto, mimi kulia, na upande wa nyuma Idalina kwa ndara, maana viatu havimwingii. Paroko alipomwekea taji kichwani Lénia alifumba macho. Nimemwona akiwa na bendera nyuma yake, kwenye magazeti, akiwa na watu wakubwa wa dunia. Sijawahi kumwona anatetemeka kidevu isipokuwa leo.

Tumelisha kila aliyekuja. Chungu cha mwisho cha alkatra kilirambwa. Siwezi kuandika zaidi, mikono imevimba, na nina furaha.

25 Mei, Jumatatu

Nilikuwa nasugua masufuria. Lénia aliingia jikoni na simu yake, akaiweka mbele yangu juu ya meza, nikavaa miwani. Gazeti la serikali. Maneno mengi madogo, na katikati jina lake lote, mpaka na la baba yake.

"Imetoka, Mama," akasema. "Sasa sema."

Nilivua aproni, nikavaa safi, nikapaka na rangi ya mdomo. Nilikuwa nimeshapanga: kwanza mkahawani, halafu dukani, halafu kwa paroko, nizungumze taratibu, nisiruke kitu, niseme na habari ya kibao. Majuma saba nimeipika hotuba hii.

Idalina alikuwa amekaa juu ya ukuta wetu anaanika miguu yake juani. Akanitazama, rangi ya mdomo na yote. "Unakwenda wapi umejipamba hivyo?"

Nikaketi karibu naye. Nikamwambia. Kwa sauti ya chini, mimi niliyekuwa nimejiandaa kwa kupiga kelele. Alisikiliza mdomo wazi, akajipiga paja, akasema jina la Lénia mara mbili. Kisha akaniuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wewe tu."

"Hujamwambia mtu?"

"Nimekuambia wewe."

Akanitazama kama nimempa ng'ombe. Nikaona anavyojizuia, anavyokaa kwa adabu, huku ndara zake zikitafuta ardhi zenyewe. Nikamwambia, "Nenda, basi. Mimi nimechoka, nina masufuria."

Hakungoja. Alichechemea kushuka barabara akishikilia ukuta, na kabla hajafika kwa akina Borges alishaanza. Nilikaa pale pale, jua mgongoni, nikasikiliza. Kwa akina Borges mwanangu alikuwa balozi. Kwa Délcio mchinjaji alikuwa balozi mkuu. Alipofika mlango wa mkahawa, nilisikia vizuri kabisa, upepo unaleta, Lénia wangu alikuwa amekabidhiwa meli zote za Atlantiki, za huku na za kule, na hakuna hata moja inayotoka bandarini bila yeye kusema.

Sikumsahihisha.